Mtani wa Kujipachika

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika kwa Kiswahili. Kiingereza nakifundisha mchana kutwa na sijalipwa, sasa nikitumie bure hata chumbani kwangu? Thubutu!

Mshahara wa Septemba bado. Wa Oktoba bado. Leo Mzee Uwesu, mwenye shule, katuita walimu wote na kutueleza kwamba wazazi wa Urambo na Ulyankulu hawajalipwa pesa zao za tumbaku, kwa hiyo hawajalipa ada, kwa hiyo tuvumilie. Kisha akatuletea ndoo ya maembe ya kuvumilia nayo. Midomo yangu imebabuka kwa utomvu.

Jioni mke wangu Wakesho kapiga simu kutoka Voi. Mkawasi ameota jino. Mwanangu ana jino na mimi sijawahi hata kumbeba! Nilipovuka mpaka kuja Tabora alikuwa bado tumboni. Wakesho kaniambia shule zikifungwa nirudi, hata kama ni mikono mitupu. Mikono mitupu! Mimi niliyeaga mtaa mzima kwamba nakwenda kuwa mwalimu wa kimataifa? Hapana. Nitarudi na mshahara wangu. Lakini baada ya simu nililala chali, nikafikiria lile jino mpaka nikasahau kula.

Jumanne, 19 Novemba

Mbinu ya kwanza. Darasa la sita nimewapa insha ya Kiingereza: kwa nini mwalimu alipwe kwa wakati. Kisha nikaufikisha mzigo mzima mezani kwa Mzee Uwesu. Hakuna binadamu wa kusoma vilio vyote vile vya watoto akabaki na moyo mgumu.

Tatizo dogo. Kiingereza cha Mzee Uwesu kinaishia kwenye salamu. Insha amezipenda sana! Amesifu miandiko, amezibandika ukutani ofisini ili wazazi waone watoto wao walivyoiva, na kwa furaha amenikabidhi darasa la tano pia. Nyongeza hakuna.

Jumatano, 20 Novemba

Nimegundua kitu kikubwa. Bi. Tunu, mwalimu wa darasa la kwanza, ni Mzaramo wa Kisarawe. Kila asubuhi humwambia Mzee Uwesu maneno ambayo mimi ningefukuzwa kazi kwa kuyawaza tu. Leo kampora kofia kichwani mbele ya watu, akaikalia, akasema haitoki hapo mpaka itoke pesa ya sukari. Mzee kacheka hadi kakohoa. Akalipa. Taslimu!

Nilimfuata Bi. Tunu haraka. Akanieleza kwamba Wazaramo na Wanyamwezi kama Mzee Uwesu ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakipita kwao kwenda pwani. Mtani hakasirikiwi. Mtani hujichukulia. Nikamuuliza kama sisi Wataita nasi tumo. Kacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio, akasema hilo hajawahi kulisikia.

Hajawahi kulisikia! Hakusema halipo. Misafara ilikwenda pwani, na Voi si mbali na pwani. Nani anajua babu wa babu yangu alimbebea nani pembe?

Ijumaa, 22 Novemba

Shangazi yake Mzee Uwesu kafariki. Walimu wote tumekwenda msibani, mtaa wa Ng'ambo. Bi. Tunu kavaa kanga ya marehemu, kashika mkongojo wake, akawa anapita uani akiwagombeza wajukuu kwa kuiba sukari, kwa sauti ileile ya bibi. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka. Mzee Uwesu mwenyewe alicheka. Nikajua leo ndiyo leo.

Viatu vilikuwa vimevuliwa mlangoni. Nikachagua makubazi mapya kabisa, ya ngozi nzuri. Ya tajiri, bila shaka. Nikasimama mbele ya wanaume, nikayainua juu, nikatangaza kwamba mimi ni mtani kutoka Voi, na makubazi haya hayarudi mpaka nilipwe Septemba na Oktoba!

Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya jiko.

Makubazi yalikuwa ya sheikh. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni peku, akitaka kuongoza watu kwenda makaburini.

Bi. Tunu ndiye aliyeniokoa. Aliwaambia watu kwamba mimi ni mdogo wake aliyepotelea Kenya utotoni, na kwamba mwili umeshafika lakini akili bado iko njiani. Watu wakaangua kicheko. Sheikh akavaa makubazi yake. Mzee Uwesu akasema vema, amenikubali, mimi ni mtani. Na kwa kuwa ni mtani, nianze kazi zangu. Kazi! Kumbe watani ndio wanaochota maji, wanaopasua kuni na wanaoosha masufuria mpaka siku ya khitma. Sehemu hiyo hakuna aliyenieleza.

Jumapili, 24 Novemba

Khitma leo. Masufuria ya pilau yana kina cha kisima. Mikono imechubuka kwa majivu. Mimi, mwalimu wa kimataifa!

Mchana Zamda, binti yake Mzee Uwesu, alikuwa anahangaika na jiko na mtoto analia mgongoni. Akanipa nimshike kidogo. Mtoto akanitazama, akaniwekea kichwa begani, akalala. Nilimnusa utosi. Nilikaa palepale kando ya masufuria bila kusogea, mkono ukafa ganzi, na nilitamani mno kumbeba mwanangu. Zamda aliporudi aliniuliza kama nalia. Nikamwambia ni moshi. Hapakuwa na moshi upande ule.

Jumatatu, 25 Novemba

Ajabu! Mzee Uwesu kaniita ofisini. Nimeingia nikijua nafukuzwa. Nilimpa shikamoo mara mbili, akaitikia marahaba zote mbili. Akasema Zamda amemsimulia. Kisha akanipa bahasha. Nauli ya kunifikisha Voi! Akasisitiza kwamba huu si mshahara, mshahara bado unasubiri tumbaku. Hii ni haki ya mtani aliyefanya kazi, na kwa kuwa mitihani imekwisha niende nikamwone mtoto.

Nimekata tiketi. Basi la Alhamisi hadi Arusha, halafu Moshi, Holili, Taveta, nyumbani! Wakesho alipiga kelele simuni mpaka ikakoroma. Atapika kimanga, chakula cha kwetu. Ataniletea mtoto stendi. Nimeimba nikifua nguo.

Jumatano, 27 Novemba

Bahati haiji hivi hivi! Leo kaja shuleni Egidi Nibitanga, mzazi kutoka Ulyankulu, na madumu ya asali kwenye baiskeli. Anataka pesa ya haraka na anauza kwa bei ya kutupa. Nikaonja. Asali ya miombo, nyeusi, nzito! Nikawaza mtu akishuka Voi na asali kama hii, mtaa mzima utajua katoka kazini kweli.

Nimekimbia stendi kurudisha tiketi. Wamenikata kidogo, si neno. Madumu yote ni yangu. Yamejaa chumbani, yamekwisha kuita sisimizi.

Bi. Tunu alipita kuniaga, akayatazama, akauliza mimi na asali yangu tutafikaje Voi bila nauli. Swali la kitoto! Nikamweleza kwamba nitalipa nauli kwa mshahara. Akakaa juu ya dumu.

Nikampigia Wakesho kumpa habari njema. Akaniuliza kama tiketi nimeirudisha kweli. Halafu akaniambia kwamba Mkawasi ameanza kusema. Simu ikilia anainyooshea kidole, anaiita baba.

Nimemwambia asimsahihishe kwa sasa. Nilizima taa mapema, harufu ya asali ikanijaa, sikulala.

Kesho asubuhi namvizia Mzee Uwesu getini. Makubazi hapana, hayo ndiyo yaliyoniponza. Safari hii ni kofia, na kofia yake naijua.