Beji ya Fomalini na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Chumba cha kupasulia maiti, saa mbili asubuhi. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, imenivaa usoni kabla sijafunga vifungo vya koti. Machozi njia mbili, kamasi njia yake. Mwalimu kaniuliza mshipa wa fahamu uko wapi. Nikaonyesha kwa kujiamini. Kumbe uzi wa kushonea! Darasa zima hoi kwa kicheko. Mtihani ni Ijumaa, na nikilia hivi udaktari nimeukosa. Nataka ile meza ya dirishani, penye hewa! Kipanga, anayeongoza darasa, naye anaitaka. Ana haja gani? Hata chafya hapigi!

Jumanne, 5 Machi
Bahati hiyo! Kaja mama wa usalama kazini, katubandika kwenye kola za makoti beji za kupima mvuke wa fomalini. Atakayekutwa kavuta mwingi kuliko wote, meza ya dirishani ni yake. Kipanga akasihi tusifanye ujanja. Nikamwunga mkono kwa sauti kubwa. Mchana tumetundika makoti, wenzangu wameenda kula. Nikarudi chapuchapu, machozi tele, nikachomoa beji, nikaining'iniza ndani ya ndoo ya fomalini, nikafunika. Saa nzima! Nikairudisha kolani huku nalia kama nimefiwa. Chakula nimekosa. Potelea mbali.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu. Mama kasoma, kavua miwani, kaisugua, kasoma tena. Akasema huyu ni wa kukimbizwa hospitali leo leo. Nikainuka, nikakohoa kidogo kwa adabu. Akamwita Kipanga!

Salale! Kwa machozi yale nilichomoa beji kwenye koti lake! Yangu, eti, haina neno. Kipanga kaondoka anauliza nani atamwambia mama yake. Roho imeniuma kweli. Nikataka kukiri. Nikaishia kumbebea mkoba.

Ijumaa, 8 Machi
Kipanga karudi, mzima wa afya. Mkuu wa chuo naye kaingiwa na hofu, kaamuru feni zote mbovu zitengenezwe jana ile ile. Leo hewa safi, macho makavu! Mshipa nimeuona, nimeutaja, nimefaulu! Tumekumbatiana meza zote. Nyumbani dada yangu kanisogelea bila kuziba pua, mara ya kwanza tangu nianze chuo. Nimefurahi hadi nimeruka.

Ila dirishani kakaa Kipanga. Jumatatu mama wa usalama anarudi na beji kupima upya. Safari hii sikosei: nimeandika jina langu mgongoni mwa koti, herufi kubwa, wino usiofutika.