Gesi Nzito

Jumatatu, 9 Machi
Dokta Skolastika katuletea habari tamu: mwisho wa mwezi maabara inabaki na fundi mmoja. Ama mimi, ama Violet. Atakayeotesha uzi wa kaboni wa sentimita moja kufikia Ijumaa ndiye anabaki. Kazi yenyewe: unajaza chemba gesi yenye kaboni, unaipiga leza, uzi unaota pale penye moto. Wangu unajivuta. Kahawa ya baba kule mlimani inaota haraka zaidi. Dokta akashauri tuchanganye na gesi nzito, eti uzi utakimbia. Violet akaandika kwenye daftari. Mimi siandiki, nina kichwa. Tena mama ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni mwanasayansi. Sirudi kuchuma kahawa.

Jumanne, 10 Machi
Nimeinua mitungi yote ya gesi ya stoo, mmoja mmoja. Wa Violet unaitwa zenoni. Mdogo kama chupa ya chai, anaubeba kwa mkono mmoja. Maskini dada wa watu. Amekwisha, hajajua tu.

Jumatano, 11 Machi
Nimeupata mtungi mzito! Mwekundu, uko koridoni, wa kuzimia moto. Kilo hamsini. Mgongo hoi. Nimemwita Godbless, mchomeleaji wa mtaa wa Sakina, aniungie mpira hadi kwenye chemba. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia achomelee mageti, sayansi aniachie mimi.

Ijumaa, 13 Machi
Violet: sentimita moja na nusu. Mimi: juzi milimita nne, leo mbili. Nadhani ni mimi wa kwanza Arusha nzima kuotesha uzi kinyumenyume. Dokta akauliza nimechanganya na nini. Nikamwonyesha mtungi. Akatafuta kiti. Akasema humo mna hewa ya ukaa, ikikuta kaboni ya moto inaila. Violet hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza polepole, kama anafundisha watoto wa kipaimara, kwamba uzito ni wa gesi yenyewe, si wa chuma. Nikaitikia kwa heshima zote.

Jumapili, 15 Machi
Violet kaniombea kwa Dokta, nimepewa wiki moja ya mwisho. Ibada nzima nimetafakari kosa langu. Nimelielewa sasa. Kilo hamsini zilikuwa chache. Kesho asubuhi naenda Kisongo, kuna jamaa ana mizani ya ng'ombe.