Nyumba ya Wageni Isiyo na Hazina

Osaka, Jumatatu, 5 Oktoba 1992

Mpenzi Fusae,

Kikao asubuhi. Habari mbaya. Kaseti imejaa. Mchezo wetu wa video umenenepa kuliko nyumba yake, na mkuu wetu Hirabayashi anasema lazima kitu kitoke kabla ya Ijumaa. Kusumi hakungoja hata chai ipoe. Yeye hubuni mazimwi na mapigano. Mimi hubuni miji na maneno ya watu. Akasema kitoke kijiji changu cha mlimani. Hakina hazina, hakina silaha, hakina hata panya wa kupigana naye. Kina nyumba ya wageni tu, na mwanamke anayeuliza wapita njia kama wamekula. Nani, akauliza, atapanda mlima mzima kwenda kuulizwa habari za chakula?

Nikasema kijiji kile ni pumzi ya hadithi. Wakacheka. Kusumi akasema basi hadithi ijifunze kubana pumzi.

Sikusema kwamba mwanamke yule ni wewe. Nikisema, watakiacha kwa huruma. Sitaki uingie kwa huruma. Nataka uingie kwa mlango wa mbele, kama mtu mwenye kazi yake.

Nina mpango.

Jumanne, 6 Oktoba

Mpango: nipate ruhusa ya siku moja, nikiandike upya kijiji bila Kusumi kuchungulia begani. Jana jioni niliwaambia nakwenda kwa wazazi wako huko Noto kukufanyia ibada ya marehemu. Wote wakainamisha vichwa. Bi Segawa, anayeendesha ofisi yetu, akanifungia hata machenza ya njiani.

Sikwenda popote. Nimeshinda nyumbani na soksi moja. Nimekuwekea chai kwenye kimeza chako cha ubani, pamoja na machenza, maana niliona aibu kuyala mwenyewe. Nimekula mawili.

Kazi imekwenda vizuri. Ufunguo wa meli, ambao bila huo mchezo hauendelei, nimeuficha chini ya mto wa kulalia wa mwenye nyumba ya wageni. Sasa kila mchezaji atapita kwako, apende asipende.

Nimekumbuka ulivyokuwa ukicheza michezo yangu. Hukuwahi kutoka kijiji cha kwanza. Ulizunguka kumsalimia kila mtu, kisha ukarudia, ukisema kumpita mtu kimya si adabu. Na ulilala nyumba ya wageni hata shujaa akiwa mzima wa afya, kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na mteja mwingine. Joka lilikungoja miaka. Mpaka leo halijamwona mtu.

Jumatano, 7 Oktoba

Nilisahau zawadi. Mtu akitoka safari, ofisi nzima hungoja vitamutamu vya huko alikokwenda. Asiporudi navyo, bora asirudi. Nilikumbuka nikiwa tayari kwenye treni. Nikashuka Umeda, hapa hapa Osaka, nikakimbilia ghorofa ya chini ya duka kubwa, wanakouza vitu vya kila mkoa. Nikapata vikeki vya maharage matamu vya Noto, vimefungwa kwa karatasi nzuri. Nikajipongeza njia nzima.

Kusumi alikula vitatu. Kisha akageuza boksi. Kibandiko cha duka la Umeda, na tarehe ya leo. Akaniuliza mbele ya watu, Noto imehamia Umeda lini, na kama imekuja na bahari yake. Nikasema siku hizi wamefungua tawi. Hakuna aliyeniamini, hata mimi.

Simu ikalia, Bi Segawa akapokea. Mama yako. Kumbe Bi Segawa aliwatumia ubani kwa ajili ya ibada, kwa niaba ya ofisi nzima, nami sikujua. Mama alipiga kushukuru, na kuuliza ni ibada gani hiyo, maana mkwe wake hajaonekana tangu majira ya kuchipua. Hakukasirika. Alisema Fusae siku zote alimwambia kwamba mumewe hawezi kumdanganya hata paka. Wakaongea muda mrefu. Nikamsikia Bi Segawa akicheka, kisha akiuliza, kweli, alilala pale kwa kumhurumia mwenye nyumba? Kisha akaweka simu chini.

Akaja kusimama kando ya meza yangu. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama mwanamke wa nyumba ya wageni ni mke wangu. Nikasema hapana, nimemtoa kichwani tu. Masikio yakawaka moto. Kwenye meza ya pili, kalamu ya Kusumi ilikuwa imesimama. Nadhani wino ulimwishia.

Alhamisi, 8 Oktoba

Hirabayashi ameusoma mpango wa ufunguo. Ameupenda. Mimi ndiye niliyeukataa. Shujaa wetu hupekua makabati ya watu tangu mlango wa kwanza, na sijawahi kuona ubaya. Lakini nilipowaza watoto wa Japani nzima wakipenyeza mikono chini ya mto wako, nikapandwa na hasira. Nikasema ufunguo urudi kasrini ulikokuwa. Hirabayashi akaniuliza niko upande gani.

Basi, mpango wa pili. Kupunguza maneno kwingine ili nafasi ipatikane. Nimepita mchezo mzima nikifuta adabu. Salamu, shukrani, samahani za wazee, zote nje. Zako tu sikuzigusa. Mfalme sasa anamwambia shujaa: "Wewe. Joka. Ua." Bi Segawa anasema anaongea kama muuza samaki aliyechelewa sokoni.

Kusumi hakunitania siku nzima. Alinijia mara moja tu, akauliza yule mama wa mlimani angekuwa mtu wa kupika nini. Nikajibu bila kufikiri: supu ya uyoga, na chumvi ingezidi kila siku. Akasema ahaa, akarudi kwake. Najua anachofanya. Anapeleleza.

Ijumaa, 9 Oktoba

Tumeshinda. Kijiji kimebaki.

Hirabayashi amemrudishia mfalme adabu zake zote, lakini amesema nafasi imepatikana. Kaa mkubwa wa pangoni ametolewa. Kaa yule Kusumi alianza kumchora tangu majira ya baridi. Alimpa jina, na picha yake ilining'inia juu ya meza. Leo picha haipo. Nikamuuliza. Akasema kaa amezeeka, ameomba kupumzika. Macho yake yalikuwa mekundu. Akalaumu vumbi.

Mimi naona wazi: ameona ninavyopigana, akasalimu amri. Sikumcheka. Nilimnunulia kahawa ya kopo, kama mshindi mwenye heshima zake. Akanirudishia, akasema kunywa wewe, ndugu yangu, umefanya kazi ngumu. Hana hata kinyongo. Ameomba kitu kimoja tu: mwenye nyumba akishauliza kama umekula, akuletee supu ya uyoga, na shujaa aombe maji. Nikakubali. Aliyeshindwa naye apate chake.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mama yako ametuma ofisini boksi la vikeki, kutoka Noto yenyewe. Ameandika juu yake: agawe hivi, ili siku akidanganya tena awe na ushahidi. Kusumi alikula vinne, kisha akatangaza kwamba hivi ndivyo bandia, vya Umeda vilikuwa bora.

Hirabayashi anasema mwakani tutatengeneza mchezo wa pili. Tayari nina mpango. Mji mzima, Fusae, wenye barabara, na kila mtu barabarani anakusalimia. Kusumi atapinga, lakini sasa najua namna ya kumtisha. Nitahitaji siku ya utulivu ya kuandika, kwa hiyo nitawaambia nakwenda Nara. Safari hii nitabandua kibandiko kwanza.

Leo nimeijaribu nakala ya mwisho. Nikapanda mlima, nikaingia. Ukaniuliza kama nimekula. Nikanywa supu, nikaomba maji. Kisha nikalala pale, ingawa shujaa alikuwa mzima wa afya.

Huko uliko, ukimimina chai, unikumbuke.