Babu, Koti Lake na Moshi wa Kona ya Tatu

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Jumapili ijayo Shangazi anashindana. Mara ya kwanza. Gari jeupe, namba kumi na moja, milango miwili, mmoja haufunguki. Babu ndiye aliyemfundisha binti yake kuendesha, na injini ya gari hilo ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko mimi nilivyofungua kitabu cha Hisabati. Lazima amwone. Hilo halina mjadala.

Mjadala umeletwa na Mama. Babu aliacha sigara miezi minane iliyopita, daktari alipomwonyesha picha ya kifua chake mwenyewe. Tangu hapo moshi wa mtu mwingine ukimpitia tu, anakohoa siku tatu. Baba yuko safarini kikazi, kwa hiyo serikali ya nyumba ni Mama. Ametoa tamko huku akikunja nguo. Babu aende uwanjani, lakini akae jukwaa la wasiovuta. Akirudi, Mama atanusa koti lake pale getini. Likinuka sigara, habari ya uwanja imekwisha, kwa Babu na kwangu.

Babu alimjibu mkwewe kwa heshima kwamba jukwaa la wasiovuta limewekwa nyuma ya tangi la maji, na kama ni kutazama tangi, hata hapa nyumbani tunalo. Yeye hukaa Kona ya Tatu. Amekaa hapo miaka ishirini na sita. Pale ndipo unapomjua dereva na unapomjua abiria aliyeshika usukani. Tatizo ni kwamba msimu huu Meneja wa uwanja ameigawa Kona ya Tatu kwa wavutaji.

"Basi nitabaki," Babu akasema. Akaenda kupangusa spana zilizokuwa safi tayari.

Nimeamua. Babu hahami. Moshi utahama.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Nimemwandikia Meneja barua rasmi. Anwani mbili, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, aya tatu, wako mtiifu. Nimeomba majukwaa mawili yabadilishane nafasi. Nimeipeleka mwenyewe baada ya masomo.

Meneja aliisoma yote. Akasifu mwandiko. Akaitia kwenye faili lililochoka mgongo. Nikamwuliza jibu litatoka lini. Akasema limeshatoka: wavutaji wako Kona ya Tatu kwa sababu upepo wa pale unapeleka moshi kwenye njia ya magari, na magari hayakohoi.

Filimbi alikuwepo. Ni binti yake Meneja, tunasoma darasa moja. Siyo jina lake, ila msimu huu amepewa filimbi na kizibao cha njano kinachong'aa, asimamie majukwaa, na hajavivua tangu hapo. Kizibao anakivaa juu ya sweta la shule la buluu, lilelile nililovaa mimi, ila lake limepigwa pasi. Mvutaji akikaa kwa wasiovuta, anapuliza. Asiyevuta akikaa kwa wavutaji, anapuliza pia. Haki sawa, anasema.

Akaniambia kwa upole kwamba barua yangu haina nakala. Ni kweli. Imeniuma zaidi kwa kuwa ni kweli.

Jioni Babu alitoa daftari lake la bendera za mashindano, akataka kunifundisha kila rangi na maana yake. Nikamwambia kwa adabu kwamba nina kazi ya dharura. Ile ya miraba ya kumaliza mbio naijua. Inatosha.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Mpango wa pili: saini. Leo yalikuwa mazoezi, Kona ya Tatu imejaa. Nilisimama upande ambao upepo hautoki kwao, nikawahesabu kwanza, maana Mwalimu wa Sayansi husema tuanze na takwimu. Watu thelathini na wanne. Wanaotoa moshi: saba.

Nikahesabu tena. Saba. Wengine ishirini na saba wameshika sigara ambazo hazijawahi kuona moto. Kinyozi ana moja ameitunza tangu msimu ulipoanza, imepinda kama msumari uliokosewa. Fundi cherehani ameshika chaki yake ya kuchorea nguo. Mwalimu mmoja wa shule yetu, ambaye sitamtaja kwa heshima, alikuwa na kipande cha penseli nyeupe, na Filimbi alipopita alikivuta akafumba macho.

Wamefuata kona, si moshi. Nikafurahi. Watu ishirini na saba wasiovuta, hao ni saini ishirini na saba.

Hakuna aliyesaini. Fundi cherehani alinishika bega. "Mwanangu, ukituondolea moshi hapa, wasiovuta wote wa mji huu watajaa."

Nikamwambia yeye mwenyewe havuti.

"Ndiyo maana nawajua."

Saini zilizopatikana: moja. Yangu.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Mpango wa tatu. Mabango. Lao limeandikwa WAVUTAJI, letu WASIOVUTA, na yote mawili yamefungwa kwa nati. Nilimwomba Babu spana namba kumi na tatu. Akafurahi sana kuona mjukuu wake anaitaja spana kwa namba, hata hakuuliza ni ya nini. Nikabadilisha mabango kabla ya mazoezi. Nati nilizikaza vizuri. Kazi ni kazi.

Matokeo: hakuna asomaye mabango. Wavutaji walikaa palepale chini ya neno WASIOVUTA, na mmoja akatundika kofia juu yake.

Aliyesoma ni Filimbi peke yake. Alipulizia jukwaa la kwanza lote, akakimbia akapulizia la pili lote, akarudi. Dakika kumi. Mwisho alikaa chini katikati ya uwanja, amebadilika rangi. Nilitaka kucheka nikashindwa, nikampelekea maji. Akanishukuru. Kisha akaniuliza mbona vidole vyangu vina grisi.

Meneja ameyarudisha mabango. Safari hii ameyapiga misumari.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Nimegundua kosa langu. Nilikuwa nahangaika na wasiovuta, kumbe wa kuzungumza nao ni wavutaji.

Nimemwendea Mzee Kiko. Alikuwa akifanya kazi gereji moja na Babu, na kiko chake hakijawahi kupoa. Wale wengine sita wanamsikiliza yeye. Nilimwamkia, nikamweleza yote: kifua cha Babu, Shangazi, koti, pua ya Mama.

Alikitoa kiko mdomoni. Akasema amekuwa akijiuliza mbona rafiki yake haonekani, akadhani amemkosea. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, sisi wavutaji si watu wabaya. Ni wavivu tu. Tupe kivuli na chai, tutahama hata juu ya paa."

Kivuli kipo. Kile cha tangi. Na chai Mama ametoa chupa tatu bila kuuliza ni za nani. Nilikuwa na jibu la kweli tayari, sikulihitaji.

Sharti la Mzee Kiko ni moja tu: wanyanyuke wote pamoja, maana anayenyanyuka peke yake anapoteza nafasi. Macho yake hayaoni mbali. Anataka ishara. Kitu kikubwa, cha rangi kali, kipungwe kutoka juu.

Babu atasubiri ndani ya gari, vioo vimefungwa. Akiona ishara, anakuja, moshi umeondoka. Ishara moja, kazi mbili. Mpango huu hauna tundu.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nimepata kitambaa. Pazia letu la zamani la sebuleni, jekundu, bado lina nguvu. Fundi cherehani amelipiga pindo na kulitia mfuko wa kupitisha mpini wa ufagio. Akasema linapendeza kama bendera. Nikaona fahari.

Babu aliniuliza kama leo nina nafasi ya lile daftari. Nikamwomba tungoje Jumapili ipite. Alipiga viatu rangi mara mbili. Koti limetundikwa dirishani lipate hewa. Anapiga mluzi.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Mbio za Shangazi zilikuwa za pili. Ishara ilipaswa kutolewa kabla hazijaanza. Nilifika ngazi ya Kona ya Tatu nikiwa na muda wa kutosha, na Filimbi akanizuia. Asiyevuta haruhusiwi kwa wavutaji. Nikamweleza sikai, napita. Akauliza kama nina kibali cha ule ufagio. Nikasema si ufagio. Akasema anaona mpini. Tulibishana kwa lugha nzuri kabisa, hakuna aliyemtukana mwenzake, na tulipomaliza magari yalikuwa mzunguko wa tatu.

Nikampita. Nikapanda juu ya matairi yaliyopangwa ukingoni. Nikapunga.

Kwa nusu dakika ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mzee Kiko alinyanyuka, na sita wakanyanyuka naye, wakaelekea kwenye tangi kwa mstari kama wanafunzi. Nikamwona Babu anafungua mlango wa gari.

Halafu nikamwona mshika bendera wa Kona ya Tatu. Alinitazama, akatazama kitambaa, akashtuka kama mtu aliyepitiwa na usingizi kazini, akainua cha kwake. Chekundu. Wa Kona ya Nne akamwona, naye akainua. Wa Tano. Nilidhani wananiunga mkono. Niliguswa.

Magari yakapunguza mwendo. Yakasimama. Yote tisa, mbele yangu.

Bendera nyekundu maana yake mbio zisimame. Na mshika bendera akiiona kwa mwenzake, huinua yake papo hapo bila kuuliza. Babu alinieleza hayo alipofika juu ya ngazi, akihema kidogo, bila kikohozi. Imo ukurasa wa kwanza wa daftari.

Shangazi alikuwa wa tatu. Alitoka kwa kupitia dirishani kwa sababu ya ule mlango. Aliuliza ni nani. Sauti yake niliisikia vizuri. Nilikuwa nimejifunika pazia.

Babu akasogea hadi kwenye uzio. Hakumwambia ni nani. Alimwambia, "Mwanangu, unawahi kukata kona. Lisubiri lile tairi jeupe, ndipo ukate."

"Baba, umekuja?"

"Subiri tairi jeupe."

Robo saa wasimamizi walihangaika kutafuta sababu ya kusimama. Babu aliitumia kusikiliza injini tisa kwa zamu, mikono nyuma, kama daktari wodini. Kinyozi akatia sigara yake mfukoni, fundi cherehani akaficha chaki. Hakuna tena aliyehitaji kuigiza, maana moshi haukuwepo. Filimbi alitazama jukwaa la wavutaji lisilo na mvutaji hata mmoja. Akaweka filimbi mdomoni, akaitoa, akaiweka tena.

Mbio zilipoanza upya Shangazi aliponyokwa na nafasi. Mizunguko minne alikwama nyuma ya gari la kijani lililokwenda kama linatafuta maegesho. Amekuwa wa sita. Lakini kila alipofika Kona ya Tatu alilisubiri tairi jeupe, na mara ya mwisho alikata vizuri hivi kwamba Babu alivua kofia na kuishika kifuani, akasahau kuirudisha.

Getini Mama alinusa kola. Mikono yote miwili. Mifuko. Akasema koti linanuka petroli, akaingia ndani. Babu alinikonyeza.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Adhabu. Barua tisa za kuomba radhi, moja kwa kila dereva. Filimbi ametumwa kuzikagua. Zote zina nakala. Na hadi mwisho wa msimu ni marufuku kwangu kuingia uwanjani na kitambaa, pazia, wala mpini wa aina yoyote. Meneja ameandika na kupiga muhuri.

Wavutaji wamekataa kurudi Kona ya Tatu. Wanasema chini ya tangi pana hewa safi. Kwa hiyo Meneja amebadilisha majukwaa rasmi na kusema alikuwa na wazo hilo tangu Jumanne, ushahidi umo kwenye faili. Babu amepata mahali pake. Mama amekubali. Nafasi ya tatu ya Shangazi haikupatikana.

Shangazi alikuja jioni. Nilimwomba radhi ana kwa ana, nikalia kidogo. Akanifuta kwa kiganja chenye grisi. Akasema anajua nilikuwa nataka Baba yake amwone, na amemwona, basi yameisha. Ila kama kweli nataka kumsaidia siku nyingine, nikae. Nikae tu, nisifanye kitu. Nimeahidi.

Nikaanza kutimiza ahadi hapohapo. Nilikaa kando ya Babu, akafungua daftari, tukasoma bendera zote, polepole, na mimi sikusema nina kazi. Nyekundu. Njano. Kijani. Kisha ile ya buluu. Dereva wa mbele akionyeshwa hiyo, ampishe mwenye kasi aliye nyuma yake. Nikamwomba Babu arudie. Akarudia, akafurahi kwamba safari hii nasikiliza.

Nikakumbuka lile gari la kijani. Mizunguko minne.

Nimeisoma tena barua ya Meneja, neno kwa neno. Kitambaa, pazia, mpini. Sweta la shule la buluu halimo. Na Kona ya Tatu ina jua kali, mtu yeyote anaweza kuona joto akalivua.