Maneno ya Shangazi Katika Sehemu ya Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi! Baada ya tamthilia tatu za jukwaani zilizotazamwa hasa na ndugu zangu, sasa naandikia televisheni. Kipindi ni cha familia ya mchanganyiko: mama mwenyeji, baba wa ng'ambo ya mpaka. Kwetu kabisa! Mwongozaji akauliza kama lugha ya baba naijua. Nikasema hata ndoto naota kwa lugha hiyo. Ukweli: najua kusalimu na kukataa chai. Miwani, mwandishi mwenzangu, akanitazama kwa jicho la pembeni. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Sehemu ya nne ina harusi, na bibi mzaa baba anambariki bwana harusi kwa lugha ya kwao. Inatakiwa Ijumaa. Lakini akili ninayo. Shangazi, dada wa marehemu baba, lugha anayo yote. Kumwambia ukweli? Hapana. Nitakwenda kumjulia hali, simu ikirekodi mfukoni.

Jumatano, 5 Machi
Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwomba aniongeleshe kikwao. Akanitazama kitambo, kisha akafunguka! Sauti inapanda, inashuka, mkono kifuani, mpaka chozi likamtoka. Hii ndiyo baraka yenyewe. Kila alipopumua, niliitikia kwa kichwa. Nimeyaandika yote kama yalivyosikika. Miwani akauliza maana yake. Nikamjibu haitafsiriki.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi. Mwigizaji wa bibi, kumbe kwao ni huko huko! Hakuna aliyeniambia. Akasoma mistari miwili, akashika mbavu. Mwongozaji akamtaka atafsiri.

“Shati gani hili, mwanangu? Mwaka mzima hukanyagi hapa, leo umekuja na simu inawaka mfukoni. Unatikisa kichwa kama mjusi na huelewi hata neno.”

Miwani alilalia meza kwa kicheko. Mimi natafuta mlango. Lakini mama wa watu hakuwa amemaliza. Sauti ikamshuka.

“Kaka yangu alikuwa akikuimbia kwa lugha hii, amekubeba mgongoni. Akaacha, ili wenzako shuleni wasikucheke. Sasa nimebaki naongea na kuta.”

Miwani akaketi sawa. Baba alikuwa anaimba? Sikuwahi kujua.

Mwongozaji akasema baraka itupwe, haya ndiyo yabaki. Akasifu ujasiri wangu. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Jumapili, 9 Machi
Kwa Shangazi tena, simu nimeiacha nyumbani. Nikamweleza yote. Hakukasirika. Akauliza tu huyo atakayemwigiza ni mnene au vipi. Kisha: “Kaa hapa. Sema ninavyosema.” Akanifundisha wimbo wa baba, mstari kwa mstari. Alisema natamka kama mtu aliyeungua ulimi. Mara moja tu nikapatia. Akageukia dirishani, akakaa hivyo, nami nikaendelea kuimba kwa sababu sikujua la kufanya.

Nimerudi kwa miguu, nauimba njia nzima. Nimeapa: uongo basi.

Jumatatu, 10 Machi
Kuna kipindi kipya, cha hospitali! Mwongozaji akauliza nani anaijua dunia ya madaktari. Miwani akanyoosha mkono. Eti aliwahi kusomea uuguzi. Nimwachie hivi hivi? Nikasema shemeji yangu ni daktari wa upasuaji, na kila wiki tunakula naye. Nimepewa kazi! Mwongozaji anataka kuonana naye Alhamisi.

Dada yangu hajaolewa. Jioni nampigia simu kumuuliza anangoja nini.