Farumi ya Haizami ya Nne

Jumanne, 3 Machi

Siku nne zimebaki kabla ya mashindano. Boti imekamilika, imepakwa rangi, jina limeandikwa ubavuni: HAIZAMI YA NNE. Rimoti inafanya kazi. Kasoro ni moja tu: haiwezi kusimama wima majini. Leo jioni nimeitia kwenye pipa nyuma ya nyumba, ikalala ubavu hapo hapo kama mtu aliyechoshwa na maneno. Nikaiinua. Ikalala upande wa pili.

Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa chama chetu cha boti za rimoti, alishaniambia tatizo tangu Haizami ya Kwanza. Sina farumi. Yaani ule uzito unaowekwa chini kabisa, tumboni mwa chombo, kisije kikayumba na kupinduka. Boti ya mita moja kama yangu inataka kilo mbili na robo, ziwe chini, zitulie. Nimeandika kwa chaki kwenye ukuta wa stoo: KILO MBILI NA ROBO. ZISICHEZE.

Sasa kuhusu stoo. Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, anapimia wateja chumbani kwetu, na juzi mama mmoja mtu mzima alikalia pini kwenye kochi. Ana miaka miwili anaiomba stoo. Nina miaka miwili naitetea. Tumekubaliana, tena mama mkwe akisikiliza kwenye simu, kwa hiyo hakuna kuruka: Jumamosi boti yangu ikimaliza mizunguko mitatu ya bwawa bila kuzama, stoo ni yangu na mjadala umefungwa. Ikizama, cherehani inaingia Jumapili asubuhi.

Ni chumba cha hatua tatu kwa nne. Hakina dirisha. Kinanuka gundi. Lakini ndicho chumba pekee humu ndani ambacho nikifunga mlango hakuna anayeniuliza kitu. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumatano, 4 Machi

Siku tatu!

Alfajiri nimejaribu mchanga. Bure, tele, mzito. Nikaumimina wote tumboni mwa boti. Ikasimama! Nikapiga kelele ya furaha. Dakika mbili baadaye usukani ukaanza kusaga kama mtu anayetafuna vigae. Mchanga umeingia kwenye meno ya mota. Nimeutoa kwa mswaki. Mswaki si wangu. Nimeusuuza na kuurudisha mahali pake.

Nikahamia kokoto. Nimezibeba kwenye begi mpaka kazini, maana masjala tuna mizani ya vifurushi na nyumbani hatuna. Nilikuwa nimefika kilo moja na nusu mkuu wangu alipotokea nyuma. Akauliza hayo ni mawe ya nini. Nikasema ni vielelezo. Akauliza vya jalada gani. Nikasema jalada bado halijafunguliwa. Akaniambia nikiwa na nafasi ya kupima mawe basi nina nafasi ya kupanga majalada ya miaka kumi iliyopita. Nimepanga hadi mwaka wa tatu.

Jioni kwenye pipa: kokoto zinacheza. Boti ikikata kona, zote zinakimbilia upande mmoja kwa kishindo, boti inazifuata.

Nikaenda kwa fundi wa tairi. Yeye ana vile vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu. Vidogo, vizito ajabu, vinabandikwa havitikisiki. Vya zamani huwa anavitupa. Nikamwomba kwa adabu zote. Akasema pole sana kaka, Kinyozi amepita juzi amezoa vyote, mpaka vilivyokuwa chini ya meza. Nikaenda duka la vifaa nikaulizia risasi mpya. Muuzaji akataja bei. Nikamwomba arudie. Akarudia ile ile.

Kinyozi! Jirani yangu, tunatenganishwa na uzio wa mabati tu. Boti yake inaitwa Wembe, imeshinda mara tatu mfululizo. Kila nikienda kunyolewa ananisimulia ushindi wake akiwa ameshika wembe shingoni mwangu. Katika hali hiyo mtu huna la kusema isipokuwa hongera.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeijua siri!

Nimerudi kazini mapema, nikaenda moja kwa moja kwenye uzio. Kuna tundu la msumari usawa wa jicho langu. Bahati iliyoje: Kinyozi ameihamisha meza yake ya kazi, siku zote iko ukutani, leo iko katikati ya ua, imeelekea tundu langu kabisa. Naona kila kitu. Wembe imefunuliwa mgongo. Kinyozi ana pakiti mkononi. Anamimina kitu cheupe. Anachota kidogo kwa kidole, anaonja!

Chumvi.

Isitoshe akasema peke yake, kwa sauti, kwamba hakuna farumi kama chumvi hapa duniani. Akarudia mara mbili. Watu wenye siri nzito ndivyo walivyo, lazima ziwatoke mahali.

Kumbe vile vipande vya risasi alivizoa kutupoteza maboya tu! Mjanja. Lakini amekutana na mjanja mwenzake. Nimekaa stoo nikatafakari na kila kitu kimekubali. Chumvi ni nzito. Haisagi kama mchanga, hasa ikiwa mfukoni. Haikimbii kama kokoto, inajishindilia yenyewe. Bei yake haimtishi mtu. Na nyumbani ipo.

Nimechukua pakiti mbili za kabatini na iliyokuwa kwenye kopo. Nimechukua pia vitambaa kwenye kapu la mabaki ya mke wangu, nikashona mifuko sita kwa mkono. Mshono haukunyooka lakini unashika.

Chakula cha jioni hakikuwa na chumvi. Mke wangu akasema anashangaa, kopo lilikuwa limejaa asubuhi. Nikasema labda panya. Akasema hajawahi kusikia panya anayekula chumvi. Nikasema siku hizi kila kitu kinabadilika. Nikala sahani mbili huku nikisifia. Jasho lilinitoka.

Ijumaa, 6 Machi

Kesho!

Jaribio la pipa: dakika tano. Haizami ya Nne imesimama wima kama askari wa gwaride. Nimeisukuma kushoto, imerudi. Nimeisukuma kulia, imerudi. Nilitaka kulia machozi.

Kuna tundu dogo sana pale mhimili wa pangaboi unapopita. Linavuja tone moja moja. Gundi imekwisha, nimeziba kwa sabuni ya kufulia. Imeshika vizuri.

Nilipoingia ndani nimemkuta mke wangu stoo na futi yake ya kitambaa. Anapima ukuta. Anaandika namba kwenye kiganja. Nikamuuliza haoni kwamba ni mapema. Akajibu kwa upole kwamba anapima tu, kupima hakuumi. Kumbe kunauma sana. Akaiona mifuko, akauliza ina nini. Nikamwambia ni mambo ya kiufundi. Akaibonyeza, akanusa vidole. Hakusema neno kuhusu panya. Aliuliza jambo moja tu: maji yakiingia itakuwaje. Nikamweleza kwamba boti ni ya kukaa juu ya maji, si ya kuwekwa maji ndani. Hana uzoefu na vyombo, simlaumu.

Nimeketi stoo mlango ukiwa umefungwa. Huenda ni mara ya mwisho. Sitaki hata kufikiria.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika nikiwa nimejifunga taulo. Nguo ziko kwenye kamba.

Tulifika bwawani saa nne. Boti saba. Watu kama sitini kwenye ukingo. Mke wangu amekuja na ile futi shingoni, amesahau kuivua au hakusahau. Mwalimu akainua kitambaa, akashusha. Tukaanza.

Mzunguko wa kwanza: wa tatu. Boti ilikuwa imetulia kama iko kwenye reli. Mzunguko wa pili: wa pili! Mbele yangu ni Wembe peke yake. Inanirushia maji, mengine yanaingia juu ya sitaha, sijali. Nikamsikia mtu anapiga kelele twende, twende, kata kona, kata! Nikageuka. Ni mke wangu! Ameshika futi kwa mikono miwili, anarukaruka, amesahau kabisa kwamba nikishinda yeye ndiye anayekosa. Sijawahi kumpenda kama dakika ile. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Mzunguko wa tatu nikaipita Wembe. Mimi! Wa kwanza!

Kwenye kona ya mwisho boti ikainama kushoto, kama kawaida. Haikurudi. Nikakata kulia. Ikasita, ikayumba, ikainama kulia, zaidi. Povu la sabuni likaanza kutoka nyuma. Nikaipunguza mwendo. Ikaendelea kuinama, polepole, kwa heshima, mpaka chini ikawa juu, na pangaboi likawa linazunguka hewani. Hatua kumi kutoka kwenye kamba ya mwisho!

Nikamkumbusha mke wangu haraka haraka kwamba makubaliano yalisema kuzama, na kupinduka si kuzama. Nilikuwa bado naeleza ndipo ikazama.

Nimeingia mwenyewe kuitoa. Maji ya kiunoni. Mwalimu akaifungua mbele ya watu. Mifuko imenywea, chumvi nusu imegeuka maji, nusu imegeuka uji, na uji wote umehamia upande mmoja. Akatia kidole. Akaonja. Akanishika bega. Ingekuwa afadhali angenicheka.

Wembe imeshinda mara ya nne. Kinyozi alipoifungua kuonyesha watu, ndani mlikuwa na vipande vya risasi, vimepangwa safi kama meno. Kwa hiyo alibadilisha dakika za mwisho! Mtu huyu hana msimamo.

Halafu akanijia na uso wa huruma na kuniuliza kama ile chumvi ya Alhamisi ilinitosha au aniongezee. Nimegutuka. Amejuaje kwamba mambo ya chumvi nilianza Alhamisi? Jibu ni moja tu: kuna mtu ananichungulia. Mtaa huu umejaa watu wasio na haya.

Jumapili, 8 Machi

Nimeihamisha cherehani mwenyewe. Ni chuma kitupu, imenivunja mgongo. Gundi yangu, misumeno yangu, Haizami zote nne, vyote vimetolewa vikiwa ndani ya maboksi. Mke wangu ametundika taa kubwa na pazia mahali pasipo na dirisha. Alasiri ameingia mteja wa kwanza, amepimwa, amekaa, hakuchomwa na pini. Mke wangu alikuwa anaimba. Nimesimama mlangoni nikamsikiliza. Ninaumia, lakini ana haki ya kuimba.

Ameniachia rafu moja ya juu. Na yale maandishi ya chaki hakuyafuta. Amesema mashindano ya Aprili nikimaliza mizunguko mitatu atanigawia nusu ya meza na nitaruhusiwa kufunga mlango kila Jumapili jioni. Ila akasema, na alinishika mkono alipokuwa anasema, kwamba safari hii nijaribu kwanza vizuri kabla ya kutia chochote kwenye boti. Nimeahidi. Imetoka moyoni.

Jumatano, 11 Machi

Nimejifunza. Nimekaa siku tatu nikitafakari kosa langu na nimelipata. Kosa halikuwa kuchungulia. Kosa lilikuwa kuchagua kitu kinachoyeyuka. Chumvi inayeyuka. Sabuni inayeyuka. Kuanzia leo: farumi isiyoyeyuka, na kila kitu kipimwe kwanza.

Jana jioni nimepita kwenye uzio, mara moja tu, kwa ajili ya kulinganisha. Bahati yangu haijaisha! Meza ya Kinyozi iko pale pale katikati ya ua, imenielekea. Safari hii anapakia mabonge meusi. Mkaa! Anaupanga mmoja mmoja tumboni mwa Wembe. Akajisemea kwa sauti kwamba amekoma na risasi, mkaa ndio mambo yote. Halafu akapatwa na kikohozi kikali, mabega yakawa yanatikisika, akaingia ndani mbio. Namwombea afya njema.

Mkaa! Unapatikana jikoni kwetu gunia zima. Lakini sikukurupuka. Mke wangu amesema nijaribu kwanza, nami nimejaribu. Leo kabla ya kwenda kazini nimechukua bonge moja, nimelitia kwenye bakuli la maji, nikaliacha kutwa nzima. Nimerudi jioni nimelikagua kwa makini, pande zote. Halikuyeyuka hata chembe. Liko vile vile nilivyoliacha, juu ya maji.

Nimeongeza la pili. Nalo limetulia kando yake.