Mke Wangu Anafika Jumamosi na Choo Hakijapona

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimebeba matofali tangu alfajiri. Mgongo si wangu. Nimerudi, choo chetu cha uani bado kinatiririka, siku ya tatu sasa. Tangi halijai, maji yanapita tu kuingia kwenye bakuli. Wapangaji tunamwagia kwa ndoo. Mama Mwenye Nyumba amesema fundi bomba amesafiri mpaka wiki ijayo, na choo kisipopona haingii mgeni hapa, hata awe malaika. Nikamkumbusha kwamba mke wangu anafika Jumamosi. Miaka miwili sijamwona. Akasema anajua, na anasikitika, lakini maji hayatutoshi hata sisi wenyewe. Nikajisikia nikisema kwamba mimi vyoo nimevizoea. Sijui maneno yalitoka wapi.

Jumanne, tarehe 4
Nimefungua tangi. Ndani mna boya kwenye fimbo yake, mnyororo mwembamba, na mpira wa kuziba tundu la chini. Nikaikunja fimbo ya boya. Sababu: ndiyo iliyokuwa karibu. Maji yakanyamaza papo hapo. Nikatoka kutangaza. Fundi Cherehani, anayeshona chumba cha mbele, akaingia kujaribu, akavuta mkono wa tangi, hakikushuka hata kikombe. Nilikuwa nimeyazuia maji yasiingie kabisa. Akasema hata cherehani yake hutulia sana ikikosa uzi. Wapangaji wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa nje.

Jumatano, tarehe 5
Cherehani amejitia udaktari. Ameinyoosha fimbo niliyoikunja, tangi likaingiza maji, akamwaga rangi ya nguo ndani na kuamuru mtu asivute. Baada ya dakika kumi bakuli likawa buluu. Akaeleza, kidole juu, kwamba maji yanavujia chini ya mpira. Mama Mwenye Nyumba akamwita “mwanangu”. Mimi mwaka mzima naitwa “wewe wa chumba cha nyuma”.
Ugonjwa ameujua yeye. Dawa nitaleta mimi.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekuja na saruji ya kazini ndani ya kopo la chakula. Kazini kwetu kitu kikivuja hatuulizi maswali: tunapiga saruji. Nikafunga maji, nikakausha tundu, nikapaka ukingo vizuri, nikaubana mpira juu yake. Kazi safi, hata msimamizi angekosa la kusema. Nikampigia simu mke wangu kumwambia kila kitu tayari, aje tu. Akauliza tayari kivipi. Nikamwambia asijisumbue na mambo ya ufundi.

Ijumaa, tarehe 7
Asubuhi tangi limejaa pomoni. Halivuji hata tone. Mama Mwenye Nyumba alinisalimia mimi kwanza.
Kisha Cherehani akaenda haja.
Akavuta mara moja, mara mbili, mara ya tatu mnyororo ukachomoka. Mpira haukusogea. Umegandana na tundu kama msingi wa ghorofa. Sasa tuna choo ambacho hakivuji wala hakishuki. Mama Mwenye Nyumba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu kwamba kesho nimpokee mke wangu, nimpe maji ya kunywa, kisha nimtafutie pa kulala. Nimempigia. Hapokei. Yuko njiani.

Jumamosi, tarehe 8
Amefika. Amekonda kidogo. Ameniangalia akasema mimi ndiye niliyekonda. Nikamweleza hali ilivyo mbele ya mlango, mkoba wake mkononi. Akaniuliza choo kiko wapi.
Aliomba kijiko. Akagongagonga saruji polepole hadi ikabanduka yote, akausugua mpira, akaurudisha. Akaufunga tena mnyororo uliochomoka, akaufupisha pingili mbili: ulikuwa mrefu, kila mara unanaswa chini ya mpira na kuuacha wazi. Akavuta. Kikashuka, kikajaa, kikanyamaza. Cherehani alikuwa mlangoni, mdomo wazi.
Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema mwaka wa pili huu anasafisha nyumba ya wageni yenye vyoo saba, na aliniambia kwenye simu, ila mimi nilikuwa nasimulia habari za matofali.
Mama Mwenye Nyumba akauliza nani kakitengeneza. Mke wangu akasema tumesaidiana. Mama akaitazama mikono yangu, kisha ya mke wangu, akasema mgeni akae hata wiki mbili, kwa sharti kwamba mimi nisiguse bomba lolote ndani ya nyumba hii. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Jumapili, tarehe 9
Nimelala usingizi mzuri. Mke wangu na Mama Mwenye Nyumba wameelewana kama ndugu, wametoka pamoja kwenda sokoni. Nyumba iko kimya kabisa, ndiyo maana nimesikia bomba la jikoni linadondosha maji. Tone, kisha tone. Nimelitazama kwa makini. Ni nati moja tu imelegea. Nikiikaza sasa, wakirudi watakuta zawadi.
Cherehani ameniazima spana bila kuuliza ya nini. Kumbe ana roho nzuri, yule.